Kikosi Kile Hakikuwa Chake

Niliwahi kushiriki kumng'oa katibu wa timu kwa kosa la kuijenga polepole, kisha nikamsifu hadi mbinguni aliyekuja kuikuta imeshajengwa. Nilifanya hivyo hadharani, redioni na magazetini, kwa hiyo ni haki niungame hadharani vilevile. Timu yenyewe sitaitaja, wala makatibu wake, kwa sababu kosa ninaloliungama ni langu. Inatosha kusema ilikuwa timu ya madaraja ya chini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Wapenzi wa mpira wa Mbeya na Iringa hawatashangaa, maana mkasa huu tumeurudia mara nyingi, hata Ligi Kuu.

Timu ndogo za huku hazina mkurugenzi wa ufundi wala mtendaji mkuu mwenye ofisi. Kocha anafundisha waliopo. Anayeamua nani asajiliwe, nani aachwe na nani alipwe kwanza ni katibu na kamati yake ya usajili, na mara nyingi ni katibu na simu yake ya mkononi. Ukitaka kujua timu inajengwa au inabomoka, yeye ndiye wa kumtazama. Mimi sikumtazama. Nilitazama msimamo wa ligi.

Katibu wa kwanza alipokea timu ikiwa imeshuka daraja, ina madeni, na imejaa wakongwe wanaohama timu kila msimu kufuata fedha ya usajili. Akawaacha karibu wote. Akaanza kuzunguka kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na kwenye ndondo za mitaani, leo Mbalizi, kesho Tukuyu, wiki nyingine Makambako na Mafinga, akiokota vijana ambao hakuna aliyewajua. Msimu wa kwanza timu ilinusurika kwa tabu. Msimu wa pili ilishika mkia kwa muda mrefu kabla ya kujikwamua mwishoni. Vijana walikuwa na kasi na pumzi, lakini hawakujua kumaliza mechi. Wakiongoza bao moja dakika ya 80, badala ya kutuliza mpira wanakimbilia la pili, wanafungwa mawili.

Kila nilipompigia simu hewani alinijibu neno moja: tunajenga. Nikaligeuza kuwa kichekesho cha kipindi. Nikawa namuuliza mbele ya wasikilizaji, "Katibu, nyumba imefika kwenye lenta au bado tunachimba msingi?" Watu walifurahi. Wengine walinisimamisha Mwanjelwa sokoni wakilirudia swali hilo, nami nikajiona mchambuzi.

Ulipofika mkutano mkuu nilipewa nafasi ya kusema, ingawa sikuwa mwanachama wa kupiga kura. Nilisimama na karatasi yangu: mechi zilizochezwa, zilizopotea, mabao yaliyofungwa na yaliyoingia. Hakuna takwimu niliyoipika. Katibu aliposimama hakujibu hata moja. Alisema tu, "Hawa watoto waangalieni mwakani," akaketi. Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka nao. Jioni ile hakuwa katibu tena.

Aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa watu. Anasalimia kila mtu kwa jina, anajua kukaa na waandishi, simu yake haiiti mara mbili. Mechi za ugenini alinipa kiti kwenye basi la timu na fedha ya chakula njiani. Sikuiita rushwa, niliiita ushirikiano. Leo nikijiuliza kwa nini yule wa kwanza aliyekuwa akinijibu kwa neno moja nilimwona hana maono, na huyu aliyekuwa akininunulia kuku pale Igawa nikamwona ana maono makubwa, jibu sina haja ya kulitafuta mbali.

Msimu huo timu ilipaa. Wale vijana walikuwa wamejifunza kumaliza mechi. Ikapanda daraja, mji ukalipuka kwa honi za bodaboda, na mimi hewani nikamwita katibu mpya fundi aliyejenga kikosi ndani ya msimu mmoja. Nilimwuliza amewezaje. Akacheka, akasema ni kazi ya pamoja. Hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyeendelea kulirudia lile neno fundi.

Ukweli niliukuta kwenye kaunta buku. Viongozi wa baadaye waliniomba niandike historia fupi ya klabu, wakanipa lile daftari la usajili. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake: picha ya pasipoti iliyobandikwa kwa gundi, jina, shule aliyotoka, jina la mzazi, tarehe ya kusaini na sahihi. Nilikuwa na orodha ya 11 walioanza siku ile ya kupanda daraja, nikaanza kulitafuta jina moja moja. Kipa nilimkuta kwenye kurasa za mwaka wa kwanza wa yule niliyemcheka. Beki wa kulia, vilevile. Mabeki wa kati, vilevile. Nilipomaliza, 9 kati ya 11 walikuwa wameandikwa kwa mwandiko wake wa herufi zilizolala, na pembeni ya ukurasa ameongeza maneno yake mwenyewe. Kwa winga wa kushoto aliandika: "Mama hataki aache shule, arudishwe wakati wa mitihani." Kwa kiungo mmoja: "Anaogopa kelele, asikaripiwe mbele ya wenzake." Kiungo huyo ndiye aliyefunga bao la kupanda daraja.

Nikaendelea kufunua. Baada ya msimu ule wa shangwe, picha za vijana wapya zinakoma. Zinafuata kurasa za wachezaji wa mkopo na za wakongwe waliosaini mwaka mmoja. Wale vijana mikataba yao ilipokwisha waliondoka mmoja mmoja, timu isiambulie hata shilingi. Katibu niliyemwita fundi naye akaondoka, jina likiwa bado safi, akimwachia wa tatu kikosi kilichobaki mifupa. Timu ikaporomoka. Na mimi, redio ileile, sauti ileile, nikamtwika lawama huyo wa tatu, ambaye hata kiti chake hakikuwa kimepata joto.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa moja. Nilimlaumu aliyepanda, nikampa sifa aliyevuna, nikamhukumu aliyekuta mabua.

Ningeweza kujitetea kwamba nilikuwa mgeni wa mambo haya. Sikuwa mgeni. Nilikuwa nimeishuhudia Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji iliyoanzishwa mwaka 2011. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na chini ya Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba waliokuwa na 38. Azam walihakikisha ubingwa wao wa kwanza hapahapa Uwanja wa Sokoine, Aprili 2014, kwa kutufunga 2-1, na ilibidi wapiganie. Timu ilikuwa ya vijana ambao nje ya Mbeya hakuna aliyewafahamu mwaka mmoja kabla.

Kisha wakubwa wakaja na mifuko. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga na Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Mwambusi mwenyewe akachukuliwa na Yanga kuwa kocha msaidizi. Baadaye akaja Kinnah Phiri kutoka Malawi, kisha Ramadhani Nsanzurwimo kutoka Burundi, na wengine baada yao. Kila aliyeketi kwenye benchi lile nilimpima kwa zile pointi 49. Sikumwuliza hata mmoja amekuta nini. Mwaka 2020 timu ilinusurika kwenye mechi za mchujo dhidi ya Geita Gold, na mwaka 2023 ikaangushwa kwenye mchujo na Mashujaa ya Kigoma. Nilisema makocha wameiua Mbeya City. Kumbe ilikuwa ikipungua tangu walipoanza kuondoka wale wa kwanza bila wengine wa kimo chao kuandaliwa, na jambo hilo halikuamuliwa na kocha aliyekuwa uwanjani siku ya kushuka.

Iringa nilikosea kwa upande wa pili. Lipuli ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18, nami nikaifanya fimbo ya kuwachapia watu wa Mbeya. Hoja yangu ilionekana nzuri. Lipuli walimpoteza beki Asante Kwasi aliyekwenda Simba Desemba 2017, mwaka uliofuata wakampoteza Adam Salamba aliyekwenda hukohuko Simba, na bado walizidi kupanda. Msimu wa 2018/19, chini ya Selemani Matola, waliwafunga Yanga 2-0 pale Uwanja wa Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Mabao yalifungwa na Daruwesh Saliboko na Paul Nonga, Nonga yuleyule aliyekuwa na Mbeya City ya 2013/14. Fainali ikachezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi, tarehe 1 Juni 2019, wakafungwa na Azam 1-0 kwa bao la Obrey Chirwa. Niliandika kwamba Wanapaluhengo wamepata dawa ambayo Mbeya wameikosa: uza, leta mwingine, songa mbele.

Kabla wino haujakauka, Ally Sonso alikuwa Yanga, Miraji Athumani alikuwa Simba, na Matola alikuwa Polisi Tanzania. Msimu wa 2019/20 ligi ilikuwa na timu 20, na nne zilishuka moja kwa moja. Lipuli ilikuwa mojawapo. Dawa niliyoisifu haikuwa dawa. Ilikuwa timu inayokula akiba yake, nami nilisifu jinsi inavyokula.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi wa urithi unaosahauliwa, itazame Ihefu ya Mbarali. Novemba 2022 waliifunga Yanga 2-1 na kuikatia safari ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Leo klabu hiyo iko Singida, na tangu 2024 inaitwa Singida Black Stars. Anayeisifu Singida kana kwamba ilianza siku ilipobadilishwa jina anafanya kosa langu, tofauti ni kwamba yeye amesahau mji mzima.

Mpwa wangu anayeishi Canada ndiye aliyenionyesha kwamba ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Huko wanaucheza mpira wa magongo juu ya barafu, na kila timu ina meneja mkuu asiyefundisha, kazi yake ni kusajili na kuuza tu. "Mjomba," aliniambia, "yule wako alitendewa kama Craig Patrick." Patrick alikuwa meneja mkuu wa Pittsburgh Penguins kuanzia 1989. Katika ligi yao timu zilizofanya vibaya ndizo hupata nafasi nzuri ya kuchagua vijana, na Pittsburgh ilikuwa vibaya kwelikweli. Mwaka 2003 Patrick alimchukua kipa Marc-André Fleury, mwaka 2004 Evgeni Malkin, mwaka 2005 Sidney Crosby. Mwaka 2006 mkataba wake haukuongezwa. Akaja Ray Shero, na mwaka 2009 timu ikatwaa Kombe la Stanley huku vijana hao watatu wakiwa ndio uti wa mgongo.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa nimepata ushahidi wa kimataifa. Mpwa wangu akanikatiza. Shero hakukaa akipokea maua, aliniambia. Alimchagua Jordan Staal mwaka 2006, akawaleta Chris Kunitz na Bill Guerin katikati ya msimu ule wa kombe, na Februari 2009 alikuwa tayari amebadilisha kocha. Vijana watatu wa ajabu wangeweza pia kuharibikia mikononi mwake. Nikamwelewa. Nikihama kutoka kumsifu mvunaji peke yake hadi kumsifu mpanzi peke yake, nitakuwa nimehama kosa moja kwenda jingine. Hata yule katibu wangu wa pili alilipa posho kwa wakati, na vijana waliolala wameshiba walicheza tofauti na waliolala na uji. Hilo halimo kwenye kaunta buku, lakini lilikuwepo.

Ila kuna tofauti moja kati ya barafu yao na vumbi letu. Kule timu ikimchagua kijana, inashika haki yake kwa miaka kadhaa. Huku kijana aliyesaini mwaka mmoja ni wako hadi msimu uishe. FIFA inaruhusu mkataba wa hadi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi 3. Aidha, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini anayegawiwa ni yule mwenye kumbukumbu kwamba kijana alikuwa kwake, lini hadi lini. Kwa hiyo urithi wa vipaji si majina na miguu tu. Ni karatasi pia. Kiongozi anaweza kumwachia mwenzake kikosi cha dhahabu ambacho kitatoka mlangoni chote kwa siku moja.

Kwa jambo hilo alinifumbua macho mzee mwenyewe niliyemng'oa. Nilimfuata Uyole, ambako siku hizi anauza mbegu na mbolea. Nilimsalimu shikamoo, akaitika, akaendelea kumpimia mteja. Nilipomweleza nilichokikuta kwenye daftari na kumwomba radhi, hakuonekana kushangaa.

"Mwandishi," alisema, "mimi nilikuambia mwakani. Hukusikia kwa sababu ulikuwa unaongea."

Nikasema ni kweli, mzee. Nikamwahidi nitaandika kwamba timu ile ilikuwa yake yote. Hapo ndipo aliponitolea macho.

"Usiende kunitengenezea utakatifu. Wale watoto niliwasainisha mwaka mmoja mmoja. Mkataba mrefu una mshahara, na fedha sikuwa nayo. Lakini ningewaambia wanachama wachange kwa ajili ya hilo, wangenielewa. Sikuwaambia. Niliona aibu kuomba."

Basi naandika na hilo, kama alivyotaka. Alichagua vijana kwa jicho ambalo sijaliona tena mkoani, na aliwafunga kwa uzi mwembamba. Yote mawili ni yake.

Siku hizi kiongozi akiniambia tunajenga, simcheki, lakini pia simwachii hivihivi. Wapo waliojificha nyuma ya neno hilo miaka nenda rudi bila kuongeza tofali. Namwomba orodha. Nataka kujua wachezaji gani aliwakuta, wepi wamekuja kwa mkono wake, na kila kijana amecheza dakika ngapi za ligi, maana kijana anayezeeka benchi hajengwi. Nataka kujua aliyeondoka ameondoka kwa ada au bure, na nani alikuwa tayari kuvaa jezi yake. Na akishaondoka yeye mwenyewe, nautazama msimu wa anayemfuata kwa makini kuliko wake, kwa sababu huo ndio unaoonyesha alichokiacha. Mzee yule msimu wake bora ulikuwa ule ambao hakuwa ofisini. Ule uliomfuata fundi wangu ndio uliotuangusha.

Wasikilizaji walioniamini wakati ule nawaomba radhi. Tuliyemzomea ndiye aliyewaleta vijana mliowashangilia mkiwa mmepanda juu ya magari. Katibu wa tatu, ambaye nilimwita mzigo, naye namwomba radhi kwa namna ya pekee, maana yeye hata raha ya ile shangwe hakuionja. Fundi wangu simdai kitu. Kiti cha basi nilikikubali mwenyewe.

Msimu wa 2025/26 Mbeya City wamerudi Ligi Kuu baada ya misimu miwili ya kuikosa. Watangazaji vijana wamenipigia wakitaka niseme hewani nani hasa apewe sifa. Nimewajibu waniletee kwanza majina ya waliosajiliwa, kila jina na tarehe yake, aliyemleta, na urefu wa mkataba wake. Mmoja amenilalamikia kwamba jibu hilo halina ladha redioni. Ni kweli halina. Mimi nilitoa lenye ladha, watu wakacheka, na mtu akapoteza kazi aliyokuwa akiijua.